Funguo Mbili za Albertine Monga

Katika Nyumba ya Akiba ya Kamina palikuwa na sheria ambayo hata mteja asiyejua kusoma aliifahamu: sanduku la chuma hufunguliwa na watu wawili. Ufunguo mmoja ulikuwa wa mkuu wa nyumba, wa pili wa karani wa gishe, dirisha la kupokelea wateja. Mkuu akiugua, sanduku halifunguki. Karani akifiwa, watu wanangoja mazishi yaishe. Wateja walinung'unika sana, lakini walilala usingizi.

Karani huyo alikuwa Albertine Monga, binti wa mwalimu wa Kimetodisti na mke wa Zébédée Kazadi wa reli. Aliishika sheria ile miaka yote ya kazi yake. Aliivunja wakati wa vita tu, na ninaiandika habari yake kwa sababu watu wanaokuja na barua safi na tai shingoni hawajaisha duniani.

Nyumba ya Akiba ilifungwa baada ya uporaji wa mwaka 1991. Sanduku lilibebwa zima. Albertine akabaki na ufunguo usio na kitu cha kufungua, akautundika kwenye msumari, akaanza kukaanga mikate na kuiuza mbele ya stesheni.

Kisha ikaja vita ya 1998. Mwaka uliofuata watu wa mji wa Kabongo walikuwa wakiingia Kamina kwa miguu, magodoro kichwani, wakiuliza treni ya Lubumbashi itaondoka lini. Swali lao jingine hawakulisema kwa sauti: feza tutaificha wapi? Njiani wenye bunduki walipanda mabehewa, wakapekua hata nguo za vichanga.

Katika hofu hiyo akatokea mgeni mwenye tai shingoni, aliyejiita Bwana Jean. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Albertine, akavua kofia, akatoa barua yenye alama ya Nyumba ya Akiba juu na muhuri chini.

"Mama Albertine, bakubwa ba ku Lubumbashi bangali banakumbuka jina yako. Nyumba inafunguka tena. Minyi njo direkteri. Karani mwengine hatumutake."

Albertine alilia kwa furaha: yeye karani tena, na mgeni huyu mkuu wa nyumba. Mpango ulikuwa mwepesi kueleza: mtu aweke fedha yake Kamina, apewe karatasi, apande treni mikono mitupu, alipwe Lubumbashi pamoja na nyongeza. Na aliyepoteza akiba yake katika uporaji angerudishiwa yote, mradi kwanza aweke fedha mpya.

Misheni ya Kimetodisti ilikuwa na foni, redio ya kusema na Lubumbashi, hatua chache kutoka kwake. Angeweza kwenda kuuliza: je, mmemtuma mtu huyu? Hakwenda. Majirani walikwisha kuanza kumwita Mama Banki tena, na jina hilo lilikuwa tamu kuliko mikate.

Bwana Jean alikodi jengo lile lile la zamani, akapaka rangi upya, akaweka sanduku lenye kufuli mbili na askari mwenye bunduki mlangoni. Jioni ya kwanza alifunga kufuli zote mbili, akatia funguo zote mfukoni mwake.

"Bwana Direkteri," Albertine akasema, "na ufunguo yangu?"

"Mama, hii iko vita. Bakikukamata na ufunguo, bataua weye na bwana yako. Acha minyi peke yangu nibebe hiyo hatari."

Albertine alishukuru. Alifika nyumbani akiwa ameona ni wema. Mwizi mwenye akili hana haja ya kukudanganya sana wakati wa vita. Hofu yako mwenyewe inamfanyia nusu ya kazi.

Watu walikuja. Hawakumtazama Bwana Jean. Walimtazama yule waliyemjua. "Kama Albertine iko, banki iko," walisema, wakafungua vitambaa walimofungia fedha. Kila karatasi ilitiwa sahihi na Albertine. Mmoja alipobadili nia na kuomba fedha yake irudi, Bwana Jean alicheka: "Baba, utaipata ku Lubumbashi. Ao unataka bamai-mai na bunduki zabo bakutoshee yote njiani?" Mzee akakunja karatasi yake. Wengine wakapanda treni na karatasi zao.

Asubuhi moja Albertine alikuwa akifagia nyuma ya gishe. Mguu wake ukagonga sanduku, nalo likateleza juu ya sementi.

Alisimama na ufagio mkononi. Lile la zamani, likiwa na akiba ya mji, wanaume wawili hawakulitikisa. Hili lilikuwa limemeza fedha ya nusu ya mji, na mguu wa mwanamke ulilisukuma kama kikapu cha mikate.

"Mama, unatafuta nini pale?" Bwana Jean alikuwa mlangoni.

"Ninafagia."

Bwana Jean akasema taratibu, "Karatasi zote ziko na sahihi ya nani, Mama? Ya minyi?"

Zote zilikuwa na sahihi ya Albertine. Mchana Albertine alikwenda nyumbani akamweleza mumewe. Zébédée aliufunga mlango kwanza.

"Nyamaza. Ule askari iko na bunduki. Acha Jean aende zake, shiye tubaki bazima."

"Na bantu bale?"

"Bantu bale si bo banakupikia. Fikiri batoto bako."

Nasema wazi kwamba Zébédée hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na siku zile Kamina nzima ilikuwa hivyo. Lakini ile "nyamaza" yake ingemtajirisha mwizi.

Alasiri Albertine alirudi kazini, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa Salomé Ndaya, mjane aliyemshika Albertine mkono siku alipobatizwa. Alikuwa ameuza mabati ya nyumba yake na cherehani. Fedha ile ilikuwa ya kuwapeleka wajukuu wake Lubumbashi na kuwalisha huko, kingine hakikubaki.

Bwana Jean alisimama nyuma ya Albertine, karibu sana. Askari aliegemea mlango. Albertine akainama, akanong'ona kwa Kiluba: usiweke, mama, rudi nyumbani.

Salomé akacheka kwa sauti. "Unasema nini, mutoto wangu? Nirudi wapi, mabati minyi nimeisha kuuzisha! Andika, andika. Treni haingojee bazee."

Watu kwenye foleni wakacheka pia. "Mama Banki analala!" mmoja akapiga kelele.

"Andika," Bwana Jean akasema.

Albertine akaweka kalamu chini. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Mama Salomé, funga kitambaa yako. Hapa hakuna banki. Ufunguo yangu sijaishika hata siku moja."

Kicheko kikakatika. Hawakuelewa hesabu wala barua, lakini funguo mbili walizielewa wote.

"Huyu mama iko na malaria," Bwana Jean akasema. "Amelala mubaya."

"Basi fungua sanduku," Salomé akasema. "Tuone."

"Sheria hairuhusu—"

"Sheria ilikuwa bantu babili! Ya kwako iko gani?"

Chuma cha bunduki kikalia: askari alikuwa ameikoki. Albertine akafumba macho. Aliposikia sauti ya askari, haikuwa ikimwambia yeye.

"Direkteri. Mushahara yangu ulisema iko mule. Fungua."

Ndani ya sanduku palikuwa na magazeti machache ya zamani; fedha alikuwa akiitoa usiku kwa funguo zake mbili. Bwana Jean alipigwa, kisha watu wenye bunduki wakamchukua. Yeye na fedha hawakuonekana tena.

Ndipo foni ya misheni ilipoulizwa. Jibu lilikuja kutoka Lubumbashi: Nyumba ya Akiba haijamtuma mtu Kamina tangu 1991. Swali lile lingeweza kuulizwa siku ya kwanza, bure. Nyumba ya kweli haiogopi kuulizwa kwa njia uliyoichagua mwenyewe. Anayekukataza kuuliza, au anayekuharakisha usipate nafasi ya kuuliza, amekwisha kukujibu.

Salomé Ndaya aliwafikisha wajukuu Lubumbashi na fedha ya kitambaa chake. Albertine na Zébédée waliuza nyumba yao kulipa waliobaki Kamina, nayo haikutosha. Zébédée hakumlaumu mbele za watu, lakini alihama kitanda chao. Waliotangulia na treni walifika Lubumbashi wakiwa na karatasi tu, na familia moja ya Kabongo ilimzika mtoto huko kwa kukosa fedha ya dawa. Karatasi waliyokuwa nayo ilikuwa na sahihi ya Albertine Monga.