Nilimpulizisha Mama Mkwe Kipimo Changu cha Pombe

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mkosaji mwingine. Nimeshamtafuta mimi mwenyewe, mara mbili, hayupo.

Mimi ni dereva. Au tuseme nilikuwa. Naishi Masasi, mke wangu kwao ni Makote, kule juu Newala, na tuna binti mmoja ambaye hapa nitamwita Hawa ingawa si jina lake. Kwa hiyo mimi ni Baba Hawa. Jina langu halisi niachieni, ndicho kitu pekee nilichobaki nacho ambacho hakijachafuka.

Mwaka jana nililiingiza Kenta, lori la watu, kwenye shamba la mihogo pale Lukuledi. Saa kumi jioni, jua linawaka, barabara imenyooka! Nilikuwa natoka kwenye sherehe ya jando. Trafiki aliponiambia nipulize, nilipuliza taratibu, kwa adabu, nikidhani nikipuliza kidogo na pombe itatoka kidogo. Ilitoka yote.

Leseni ikafungiwa miezi sita. Faini nikalipa. Mwenye shamba naye nikamlipa mihogo yake, shina kwa shina. Alihesabu yeye, nikahesabu mimi, tukapata idadi moja. Tangu siku ile sijawahi tena kukubaliana hesabu na mtu.

Miezi sita ilipoisha nilikwenda kwa mwenye Kenta, mama mmoja anayenunua makopa, ile mihogo mikavu, na mbaazi. Nitamwita Mama Zuhura. Nikamwonyesha leseni yangu kama mtoto anayeonyesha ripoti ya shule.

"Hiyo ni ya serikali," akasema, wala hakuishika. "Ya kwangu bado."

Ya kwake ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ina masharti matano, pamoja na kimashine ambacho shemeji yake alikileta kutoka Dar. Kimashine chenyewe kilifungwa chini ya usukani, kina mrija wa kupulizia, na waya wake umeingia kwenye swichi. Unapuliza. Kikinusa pombe, gari haliwaki. Kikikukuta safi, linawaka. Wala haliishii hapo! Ukiwa njiani kinalia tii, tii, kinataka pumzi nyingine. Ukikinyima, honi inaanza kulia yenyewe na taa zinawakawaka mpaka uzime gari.

Masharti: nipulize kila safari. Niendeshe mchana tu. Masasi na Newala tu, kwingine hapana. Nisisimame Mnyambe, kwa sababu ambazo yeye anazijua na mimi nazijua. Na nisipakie abiria.

Mimi sijazaliwa kununua kitu kwa bei ya kwanza. Nikakohoa.

"Mama Zuhura, matano ni mengi. Tufanye matatu."

"Matano."

"Matatu na nusu. Ile ya abiria uipunguze. Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho wanakuja hapa Masasi, ameshaandikishwa. Nani atamleta?"

Akachukua kalamu, akaongeza mstari kwenye ile karatasi.

"Abiria hakuna," akasema, "isipokuwa mkwe mmoja. Tena siku moja. Weka sahihi."

Nikatoka pale najipongeza. Mnaona? Masharti manne na tisa ya kumi! Stendi wakaanza kuniita Baba Filimbi. Kila nikipuliza, mmoja anapaza sauti: "Haya, mwanetu kapiga filimbi, treni inaondoka!" Nikawa nacheka nao. Mkate wangu ulikuwa kwenye ule mrija, na kwa wiki saba sikugusa hata tone.

Siku ya macho ikafika. Ilikuwa Alhamisi, siku ya mwisho ya wale madaktari. Mama mkwe alitakiwa kuwa hospitali kabla ya saa saba mchana, asiyefika jina lake linafutwa. Mke wangu, Mama Hawa, akabaki Masasi kushika foleni. Mimi nikapanda Newala kulipokucha, nimepuliza safi kabisa, na saa tatu asubuhi nipo Makote.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Ilikuwa msimu wa mabibo. Anayeishi kwetu anaujua ule utamu wa hewa, mabibo chini ya kila mkorosho, na nyuma ya kila nyumba kuna ndoo ya juisi yake inayochachuka. Shemeji yangu, mdogo wake Mama Hawa, alikuwa anashona magunia ya makopa niliyokuja kuyachukua. Akaniletea kikombe.

"Shemeji, karibu uraka."

"Mimi nina filimbi, shemeji."

"Huu umekamuliwa jana jioni! Bado juisi huu. Hata mchungaji anakunywa."

Nikapiga hesabu. Kikombe kimoja cha juisi, kimekaa usiku mmoja tu, nitakunywa saa tatu, nitaondoka saa nne na nusu, katikati nitakula muhogo. Nikapiga tena mara ya pili. Jibu likawa lilelile: inawezekana. Tena kama kimoja kinawezekana, viwili vinawezekana zaidi, kwa sababu muhogo ni mwingi. Ndugu zangu, nilikunywa vitatu! Cha tatu sikukihesabu, nilikichukulia kama nyongeza, kama vile muuza dagaa anavyokuongezea kiganja.

Saa nne na nusu nikapuliza. Gari kimya. Taa nyekundu.

Nikatafuna majani ya mpera, nikasukutua maji, nikapuliza. Nyekundu. Nikala muhogo mbichi mpaka taya zikauma, nikapuliza kwa kona ya mdomo. Nyekundu! Kile kimashine huwezi kukipunguza bei. Ndiyo kwanza nakutana na kitu cha namna ile maishani.

Saa tano kasorobo. Mama mkwe ametoka nje, amevaa kanga mpya, ameshika kijimfuko chake, anapapasa ukuta kuelekea kwenye sauti ya watu. Shemeji akamsaidia kupanda, akakaa kiti cha pembeni, akanyoosha kanga yake magotini. Miaka miwili mama yule anangoja siku hii.

Hapa ndipo nataka kuingia ardhini. Kwetu mkwe wa kike humzoei. Humtazami usoni, huli mbele yake, unamwamkia umechuchumaa, kwa mbali. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikamsogezea mrija mdomoni.

"Mama," nikasema, nimegeuza uso dirishani ili nisimpumulie, "hospitali wanataka upulize hapa kwanza. Wanapima pumzi kabla ya macho."

"Wanapima huku huku Makote?"

"Siku hizi ni mitambo, mama."

Akapuliza. Loo! Akapuliza kwa imani, kwa nguvu zake zote, mpaka mabega yakatetemeka. Taa ya kijani. Gari likawaka.

"Nimefaulu?" akaniuliza, anatabasamu.

"Umefaulu, mama."

Shemeji alikuwa amesimama pale na sindano yake ya magunia, mdomo wazi. Nikaondoa gari kabla hajaufunga.

Hatujafika mbali, tii, tii. "Hospitali wanataka mara mbili, mama. Jicho la kulia, jicho la kushoto." Akapuliza. Safari hii hakuuliza kama amefaulu. Akavuta hewa puani. Mimi nikaona amechoka, nikapiga mluzi.

Tukafika pale juu, mteremko unapoanza, unapoanza kuiona ile milima ya mawe ya Masasi kwa mbali chini. Tii, tii.

"Mama, mara moja tu ya mwisho."

Akauchukua mrija, akauweka juu ya paja lake, akaufunika na kiganja.

"Baba Hawa."

"Naam, mama."

"Mimi macho ndiyo mabovu. Pua nzima."

Nikashusha kioo mpaka mwisho.

"Mara ya kwanza sikujua mdude huu ni wa nini," akasema. "Ya pili nikajua. Ya tatu sitaki. Zima gari."

"Mama, madaktari wanaondoka leo! Tukisimama hapa jina lako linafutwa."

"Macho yangu yamengoja miaka miwili, yatangoja tena. Wewe ukinitumbukiza huko chini, hayo macho nitakwenda kumtazamia nani? Zima."

Na honi ikaanza! Paaaa, paaaa, taa zinawaka mchana kweupe. Nikaegesha pembeni, nikazima. Akina mama waliokuwa wanatoka kuokota mabibo wakatua ndoo zao ili watazame vizuri. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo:

"Dereva, mnapeleka bibi harusi wapi?"

Wakacheka wote. Mama mkwe hakucheka. Alikaa wima, uso mbele, kama vile anaiona barabara.

Nikashuka nikasimamisha magari. La kwanza lilijaa, la pili likanipita. Bodaboda mama hapandi, anaogopa, na kwa macho yale nani amlaumu? Tulipopata gari la kutushusha wote wawili, saa saba ilikuwa imeshapita. Kenta nikaliacha na makopa yake.

Mama Hawa alikuwa amesimama getini. Ndani madaktari walikuwa wanafunga masanduku.

"Mlikuwa wapi? Jina limeitwa mara tatu! Baba Hawa, mlikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi.

"Gari lilikuwa limelewa, mwanangu," akasema. "Nipeleke nikapumzike."

Angenitukana ningelala vizuri. Lile neno moja, la kunifichia aibu mbele ya mwanawe, nimelala nalo mpaka leo. Na Mama Hawa si mjinga. Alinusa, akamshika mama yake mkono, akaniacha pale na kijimfuko.

Jioni ile Mama Zuhura akaniita. Kumbe kile kimashine kinaandika! Kila pumzi, na saa yake. Mimi nilidhani nahesabu peke yangu.

"Hapa umepuliza mara tatu umelewa," akasoma kwenye simu. "Ya nne, safi kama maji ya kisima. Baba Hawa, ulitubu ndani ya robo saa?"

"Mama Zuhura, tuongee. Nifungie wiki mbili."

"Ulimpulizisha nani?"

Nilipomwambia, hakupandisha sauti. Alifunika uso kwa mtandio. Kisha akanyoosha kiganja, nami nikaweka ufunguo juu yake. Sikuomba punguzo.

Sasa hivi nashona magunia kwenye ghala lake, kazi ileile ya shemeji. Na shemeji akipita ananiuliza kama sindano yangu ina filimbi.

Hayo nayabeba. Nisiloweza kulibeba ni hili: kila Jumapili napanda gari la abiria kwenda Makote, nakuta mama amekaa barazani anamenya muhogo kwa kupapasa vidole. Tumesikia madaktari watarudi, mwezi hatuambiwi. Ile kanga mpya ameikunja, hajaivaa tena, anaitunzia siku hiyo. Nachuchumaa mbali, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

Haitikii.

"Sogea," anasema.

Nasogea.

"Sogea, Baba Hawa. Puliza."

Na mimi, niliyefundishwa nisimkaribie mkwe, napeleka uso wangu mbele ya uso wake, mbele ya wajukuu na majirani na kuku, nampulizia. Anavuta hewa. Anafikiri. Anavuta tena, maana naye kumbe huhesabu mara mbili.

"Marahaba," anasema.

Miezi mitano sasa sijakosa marahaba hata moja.

Wenzangu madereva, mnaokunywa mkidhani mna hesabu nzuri kuliko mimi, mtanisamehe, hamna. Juisi ya jana si juisi. Muhogo haunyonyi kitu. Kikombe cha nyongeza nacho kinahesabiwa. Kama huna kimashine na una wasiwasi, usihesabu vikombe. Nenda kamwamkie mama mkwe wako, kwa karibu. Akikuitikia, washa gari.