Laptop ya kibodi ya Kifaransa, Linux, na mjomba wangu asiyeona

Wakuu, nawasalimu kutoka Kasese. Haya ni ya kweli tupu, anayebisha aje Nyamwamba nimpeleke akasikie kwa masikio yake.

Mjomba wangu Thembo alikuwa mpiga chapa hapa mjini, akiwaandikia watu barua kwa taipureta. Kisha presha ya macho ikamwandama mpaka giza likawa zima.

Tangu hapo akawa wa kukaa barazani tu, vidole vikigongagonga mapaja. Iliniuma sana.

Mimi natengeneza simu. Nikasoma mahali kuwa Linux ina screen reader ya bure, programu inayosoma kwa sauti kila unachoandika. Sikumwambia mjomba, nisije nikampa tumaini hewa.

Nikashuka Bwera, mpakani na Kongo, kutafuta laptop. Nikakuta moja kuukuu, nzito kama tofali, 32-bit, RAM giga moja, imetoka ng'ambo ya mpaka na kibodi ya Kifaransa. Penye Q pameandikwa A.

"Ordinateur hii iko muzima," muuzaji akaniambia kwa Kiswahili cha Kongo. "Ni juu ya herufi tu batu banaikataa."

Nikaibeba.

Windows ilishakufa. Flash ya kuwekea Linux ikagoma ku-boot, ikabidi nitafute CD tupu (siku hizi ni shughuli, wakuu), nikaipata kwa jamaa anayerekodi kwaya. Nikaweka distro nyepesi ya Linux, nikawasha screen reader, nikachagua sauti ya Kiswahili.

Ikaongea.

Nywele zilinisimama. Mashine iliyokataliwa na kila mtu inasema Kiswahili, lafudhi ya ajabu lakini unaielewa.

Nikampelekea mjomba, nikamweleza kuwa inasoma kwa sauti. Nilipomwekea mapajani ndipo nikakumbuka zile herufi. Nikaanza kujitetea kwamba kibodi ni ya Kifaransa, herufi zimevurugika, nitatafuta stika.

Mjomba akacheka. "Kwani mimi nilikuwa naangalia kibodi hata wakati macho ilikuwa mzima? Weka ya Kingereza, halafu toka hapo."

Nikabadilisha layout. Kilichochorwa juu ya vitufe hakikumhusu hata kidogo. Vidole vikapapasa vile vialama vilivyoinuka vya F na J, vikatulia, kisha vikaanza kukimbia.

Alipomaliza nikamwonyesha kitufe, akaiamuru isome.

"Kabugho, chai yangu iko wapi?"

Kabugho ni mke wake, alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akaitazama laptop, akaijibu: "Inakuja." Kisha akakaa chini akalia. Na mimi nililia, sifichi.

Nilichojifunza ni kwamba kibovu cha wengi kina mwenyewe anayekingoja. Sasa watu wanakuja tena barazani kuchapiwa barua.

Wenye uzoefu na RAM ndogo nisaidieni hapa chini namna ya kuharakisha hiyo sauti. Mzee anachapa haraka kuliko mashine inavyosoma, na ameanza kuigombeza.