Alama za Vikombe Shingoni Mwangu

Miaka ile nilikuwa napanga waridi katika shamba moja la maua huko Timau. Kutwa tulisimama mezani tukichambua maua kwa urefu, kisha tukabeba ndoo zilizojaa maji na maua hadi chumba cha baridi. Ndoo hizo ndizo zilizoniumiza bega la kulia. Nilifika mahali nikashindwa kuchana nywele zangu, jirani ndiye aliyenichana, nami nimeketi kama mtoto. Nilichukia hali hiyo kuliko maumivu yenyewe.

Vidonge vya zahanati ya shamba nilimeza hadi nikachoka. Basi Jumamosi moja nikashuka Meru mjini kwa daktari Mchina aliyekuwa na kliniki ghorofani. Alinilaza kifudifudi, akawasha pamba iliyolowa spiriti, akaipitisha ndani ya kikombe cha kioo, akaitoa, kisha akanibandika kikombe hicho mgongoni. Nyama ikavutwa juu. Uongo dhambi, niliogopa. Vikombe sita, viwili vikiwa shingoni, dakika kama kumi. Nilipoinuka, mkono ulipanda hadi kichwani, nikashuka ngazi nikicheka peke yangu.

Jumatatu supavaiza akaona madoa mawili ya duara, ya zambarau, juu ya kola ya koti langu la kazi. Akanipeleka kwa nesi mbio. Wiki hiyo wanunuzi kutoka ng'ambo walikuwa waje kukagua jinsi wafanyakazi wanavyotunzwa, naye aliogopa watadhani nimechomwa na dawa za kunyunyizia maua. Niliwaeleza habari ya vikombe. Hata hivyo nesi akajaza fomu ya likizo: ugonjwa wa ngozi.

"Mama, tia sahihi upumzike nyumbani wiki mbili," supavaiza akaniambia kwa upole. "Ni kwa faida yako."

Faida gani? Kila niliyemjua aliyetia sahihi fomu kama ile hakurudi mezani tena. Na ngozi yangu haikuwa na neno.

"Andika bega," nikamwambia nesi. "Andika limeumizwa na ndoo, nitie sahihi sasa hivi."

"Hiyo siwezi kuandika."

"Basi nami siwezi kutia sahihi."

Siku ya wageni kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na leso shingoni isingemshangaza mtu. Niliiacha nyumbani makusudi, nikasimama meza ya kwanza, karibu na mlango. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauliza nina nini shingoni. Supavaiza akawahi kujibu, "Ni mila zao tu."

Mila! Tangu lini Wameru wakawa na mila ya kubandikwa vikombe na Mchina? Damu ilinichemka. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne nikamwambia yule mama kwamba haya ni matibabu, na kilichonipeleka kwa daktari ni ile ndoo pale. Nikamwomba aiinue. Aliiinua kwa mikono miwili, akaitua upesi, maji yakamlowesha viatu. Alitoa kalamu akaandika.

Baada ya wiki mbili ndoo zikaanza kujazwa nusu. Mimi nilikuwa nimeshahamishiwa nje, kung'oa magugu kwenye mitaro. Supavaiza akanijia huko, akasema nikiomba msamaha nitarudishwa ndani. Nikamjibu kwamba msamaha wa kuomba sina, anipishe nimalize mtaro wangu. Niling'oa magugu miaka miwili, na ndoo ya nusu sikuwahi kubeba hata moja.