Sindano ya Mashemeji

Matubwitubwi yalinipata uhamishoni Zaire, tulikokimbilia baada ya jeshi letu kushindwa katika vita vya sabini na tisa. Uvimbe ulianza shavuni kama kwa watu wengine, kisha ukashuka kwenye korodani na kuzimaliza. Tuliporudi nyumbani Dranya, huko Koboko, nilikuwa na mke, lakini ndevu zilikuwa zimepukutika, na nikipalilia mstari mmoja wa mihogo natafuta pa kulala. Mashemeji zangu, wana wa wanajeshi, walipima uanaume wa mtu kwa jinsi anavyogombana sokoni. Wakanionya: nisipokuwa mwanaume kufikia mavuno ya ufuta, watamchukua dada yao.

Nilimpenda mke wangu. Nikaenda hospitali ya Arua. Daktari akanipima, akasema mwili wangu hautengenezi tena homoni ya kiume, akanipa vichupa vya dawa ya mafuta ya kuchomwa sindano: kimoja kila wiki tatu, si zaidi.

Sasa, kwetu Koboko mtu hapangi foleni ya hospitali kwa ajili ya sindano. Anamwendea Afande. Zamani alikuwa tabibu wa kikosi; jeshi lilipovunjika alibaki na birika la kuchemshia sindano, na cheo chake kiliendelea kupanda bila jeshi. Alivitazama vichupa vyangu kwa dharau.

"Hii ya kidogo kidogo iko dawa ya watu ya misheni," akasema. "Wewe iko mtoto ya Koboko. Nachoma mbili."

"Daktari alisema moja, Afande."

"Daktari alipigana wapi?"

Hoja hiyo ilinishinda. Nikashusha suruali.

Haikupita wiki, moyo ukaanza kwenda mbio nikiwa nimekaa. Jasho likanitoka, usingizi ukanikimbia, nikamfokea mbuzi mpaka akaacha kula. Baadaye daktari alinieleza kwamba homoni ikizidi ghafla huvuruga mwili kama inapopungua, akanirudisha kwenye kichupa kimoja. Lakini siku zile sikujua. Nilikuwa na hofu tupu, mbaya kuliko ya vita, kwa maana ya vita ina upande wa kukimbilia.

Alasiri moja, mimi na mke wangu tukimenya mihogo, lori la tumbaku likanguruma barabarani. Moyo ukaruka. Nikasikia mdomo wangu ukipiga kelele: "Jeshi imekuja!"

Kwingine wangeuliza jeshi gani. Kwetu kila nyumba ilikuwa na furushi lililofungwa, likikaa nyuma ya mlango tangu tuliporudi kutoka Zaire. Kijiji kizima kikashika njia ya mpakani. Mbele walikuwa mashemeji zangu, madume wale, kila mmoja na godoro kichwani. Wake zao walifuata nyuma na watoto. Afande akawapita wote na birika lake.

Mimi miguu iligoma. Mke wangu naye hakukimbia. Alinishika kifundo cha mkono, akasikiliza damu inavyogonga.

Lori lilisimama, dereva akaomba maji ya kunywa.

Jioni mashemeji wakaingia uani kwangu, matope hadi magotini, wakamwambia dada yao afunge vitu, mume wake ni kichaa. Nikalia mbele yao. Nikawaambia nitachomwa tena, hata vichupa vitatu, wasimchukue tu.

Mke wangu alikuwa bado na kisu na muhogo mkononi.

"Mimi niliolewa na mutu ya pole," akawaambia kaka zake. "Kama nyinyi iko nataka mwanaume, nyinyi muolewe."