Mji Niliompa Baba Mdogo

Harufu ya wino wa gazeti naikimbia mpaka leo. Wapo wanaonusa gazeti jipya wakawakumbuka baba zao. Mimi namkumbuka baba mdogo, na simkumbuki kwa wema. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Makole yalipoanza kujaa mitumba na sabuni za kila rangi, na magazeti ya watu binafsi yakawa yanaingia Dodoma kwa basi, moja likiwa na fumbo la maneno ukurasa wa nyuma. Baba yangu alikuwa amefariki. Mdogo wake, karani wa ofisi moja mjini, alinichukua kwa mama kule Mpwapwa ili, kwa maneno yake, nipate shule ya maana. Kumbe alitaka wa kumchotea maji! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa dumu la njano. Alfajiri niko bombani, nikitoka shule niko bombani, na jioni, vumbi sijalinawa, naitwa sebuleni kwenye fumbo.

Kila mtoto wa kwetu anajua kitendawili kinavyochezwa. Ukishindwa, mtegaji anakudai mji. Unampa, naye anasimulia alivyokwenda huko akapokewa, akala, akashiba, ndipo akupe jibu. Baba mdogo aliuhamishia mchezo huo kwenye gazeti. Alijinyoosha kwenye kochi, kalamu sikioni, mlenda wa jioni ukinukia kutoka jikoni, akasoma swali kwa sauti ya mahubiri huku jibu ameshalijaza kitambo. Hakutaka tujue. Alitaka tushindwe, mimi na mkewe, ili atutukane vizuri. Mkewe alijifunza mapema kusema "nimeshindwa" akarudi zake jikoni. Mimi, mjinga, nilikuwa najaribu.

Desemba ile shule zilikaribia kufungwa, na kichwani sikuwa na kingine ila kwenda kwa mama. Alikuwa ametuma salamu kwa kondakta wa basi kwamba ameninenepeshea jogoo. Jioni moja baba mdogo akasoma: "Tema ovyo, utakiona kinywani. Herufi nne." Nikasema meno. Akacheka hadi akakohoa, akadai mji. Nikampa Dar es Salaam, akasema kuna joto. Nikampa Tanga, akasema hana ndugu Tanga. "Nipe Mpwapwa," akasema. Nikampa, mchezo ni mchezo. Akasimulia alivyofika kwa mama, jogoo wangu akachinjwa, akala hadi firigisi, akajipangusa midomo kwa kiganja kana kwamba mafuta yapo kweli. Ndipo akageuka kunieleza. "Mate, we kichwa maji! Wamekwambia ovyo. Zivuruge herufi za tema, uzipange upya, unapata mate. Mama yako alikulisha nini wewe?"

Shule ilipofungwa nilifunga nguo zangu kwenye kanga, nikampigia magoti, nikamwamkia, nikaomba ruhusa. Hakulishusha hata gazeti. "Mpwapwa si ulinipa? Unaingiaje mjini kwangu bila idhini yangu?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Likizo nzima nilichota maji, na usiku nilijilaumu mimi, sikumlaumu yeye, maana mji niliutoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Mtoto huamini mambo kama hayo.

Mvua za mwaka huo hazijakatika, homa ikamchukua mama. Siku ya msiba ndipo niliporuhusiwa kuingia Mpwapwa. Jirani wa mama alinivuta pembeni ya jiko la matanga, akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe wewe ndiye uliyemkataa mama yako?" Baba mdogo alikuwa amemtumia salamu kwa kondakta yuleyule: mtoto amekataa kuja, amezoea mjini, hataki vumbi lenu. Na mama aliamini. Shemeji yake, mtu mzima na karani, amwongopee ili iweje?

Sasa Makole ina maghorofa na bodaboda, na maji kwangu yanatoka kwa kufungua koki. Baba mdogo amezeeka, macho yameingia ukungu, na ukoo umeniamuru mimi nimpelekee dawa kila Jumamosi. Wanasema damu nzito kuliko maji. Maji ninayajua mimi niliyeyabeba. Juzi akaniomba nimsomee fumbo, nikasoma: "Amejificha ndani ya 'kumbuka', usiku anauma. Herufi tatu." Ni mbu, yuko palepale katikati ya neno, mwenye macho anamwona. Alihangaika, akahesabu herufi kwa vidole, akatikisa kichwa. "Nimeshindwa, mwanangu." Nikamwambia anipe mji. Akafurahi jamani, akidhani tumepatana! Akanipa Dar es Salaam, nikakataa. Akanipa Tanga, nikakataa. Kicheko kikamkauka. Akasema kwa sauti ndogo, "Chukua Mpwapwa."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wenzangu wa kanisani wananishauri nisamehe, na mimi nawajibu kwamba wao hawakuulizwa lile swali pembeni ya jiko la matanga. Nikauchukua mji wangu. Nikalikunja gazeti, nikalitia mkobani, nikamkumbusha dawa anywe akishakula. Nimefika mlangoni akaita, "Na jibu, je? Mji si nimekupa?"

"Kamuulize mama," nikamwambia, nikafunga mlango.