Jumapili Niliyojifanya Daktari

Nilivaa koti jeupe la dada yangu nikaenda nalo Mashimoni, kule Kibera, kumchekesha rafiki yangu. Hilo ndilo kosa, na ninalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Dada alikuwa chuoni akisomea kunyoosha viungo, na muhula huo walikuwa wametawanywa kwenye makliniki wajifunze kazi kwa mikono. Yeye alipelekwa Kawangware, karibu na kwetu Satellite. Kila mwanafunzi alikabidhiwa mgonjwa mmoja wa kumshughulikia mwanzo hadi mwisho. Wa dada alikuwa mtoto mchanga aliyezaliwa na mguu uliopinda ndani. Kila Alhamisi dada aliunyoosha kidogo tu, akaufunga plasta mpya. Asubuhi ya siku hiyo mama wa mtoto aliloweka plasta ya zamani ndani ya beseni mpaka ikalainika, akaikunjua, akatembea na mtoto mgongoni kutoka Kibera. Si kabla ya Alhamisi. Mguu ukiachwa wazi, unarudi ulikotoka. Dada alilirudia jambo hilo nyumbani mpaka nikalitungia wimbo wa kumkejeli. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Alhamisi ya tano mwalimu wa chuo angekuja kuukagua mguu. Ukiwa umenyooka, dada anamaliza na wenzake. La sivyo, anarudia.

Basi Jumapili niko Mashimoni, natembea kama mwenye hospitali, rafiki yangu anacheka mpaka anashika ukuta. Kwenye foleni ya maji mwanamke nisiyemjua akanisimamisha. Mtoto mgongoni, plasta inaning'inia.

"Daktari, nyathi, huyu mtoto wangu, halali. Analia tu. Hii kitu nifanye nini?"

Ningesema mimi si daktari. Lakini rafiki yangu alikuwa ananiangalia.

"Loweka, mama, toa," nikasema kwa sauti nzito. "Imetosha."

"Asante sana, daktari."

Jumatano dada alirudi kutoka kumtembelea mgonjwa wake, akaketi kitandani na viatu.

"Mguu uko wazi tangu Jumapili," akamwambia mama. "Umeanza kujikunja. Anasema daktari fulani kijana alimwambia atoe."

"Daktari gani anazurura Mashimoni Jumapili?"

Nilikuwa namenya viazi. Kimoja nilikimenya mpaka kikabaki saizi ya punje. Dada hakula. Alikaa akipinda na kunyoosha kiganja chake hewani, kama vile mguu wa mtoto uko pale.

Kesho yake nilitoroka shule nikaenda kliniki kukiri. Njia nzima nilijipanga: nitaeleza vizuri, dada atasamehewa. Nikaingia. Mwalimu, mama wa miwani, alikuwa ameushika ule mguu, na dada amesimama kando, mikono nyuma. Kabla sijafungua mdomo, mama wa mtoto akaniona, uso ukachangamka.

"Si huyu hapa daktari wa koti jeupe! Daktari, hebu waambie."

Mwalimu akatazama kaptula yangu ya shule, akatazama magoti yangu.

"Koti ulitoa wapi?"

Dada ndiye aliyejibu. "Ni langu, mwalimu. Huyu ni mdogo wangu."

Mwalimu hakupaza sauti. Heri angepiga kelele. Alisema koti la chuo haliachwi ovyo, na plasta nne zimepotea bure. Dada ataanza upya, na mtoto huyo huyo, tangu plasta ya kwanza. Wenzake watamaliza bila yeye.

Mama wa mtoto alitutazama mmoja mmoja.

"Kumbe wewe ni wa shule?"

"Kidato cha pili," nikasema. Mara hiyo hakuna aliyecheka.

Akamfunga mtoto mgongoni, mguu ukiwa wazi vile vile. "Mimi sirudi hapa. Hapa kila mtu ni daktari." Dada alimfuata hadi barabarani akimsihi. Akarudi peke yake, akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Jioni nilimweleza mama yote, bila kichekesho hata kimoja. Alizima jiko kwanza, kisha akasema:

"Nenda Mashimoni. Akikufukuza, kaa nje ya mlango wake. Akikumwagia maji, kaa na maji yako. Mwambie huyo mama kwamba dada yako hakukosa, wewe ndiye umekosa. Usirudi kwangu kabla huyo mama hajakubali kumleta mtoto."