Vijiti Sita vya Shaba

Jirani yangu hapa Mbarara bado anasugua sufuria kwa majivu. Sabuni anayo, lakini anasema sabuni haiondoi masizi, inayabembeleza tu. Kila Jumamosi asubuhi harufu ya majivu yaliyoloweshwa kwa maji ya ndimu inapita juu ya ukuta wetu mfupi na kuingia jikoni kwangu bila hodi, nami naacha ninachofanya na kukaa chini. Wengine harufu hiyo ingewakumbusha mama zao. Mimi hunikumbusha baba, mtu ambaye katika maisha yake yote sikumwona akisugua hata kijiko.

Tulifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, nikiwa na miaka minane, tukitokea milima ya juu ya Uvira. Tulipewa kiwanja, turubai na jembe. Baba alilishika lile jembe kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake. Kule kwetu alikuwa mtu wa foni, yaani zile redio za kuitana ambazo makanisa na zahanati za milimani zilitegemea kabla ya simu kufika. Alikuwa akizitengeneza, na wachungaji walitembea siku nzima kumletea iliyokufa. Nakivale hakuna aliyemletea kitu. Alilima mahindi na maharage kama wanaume wote, akilima vibaya kuliko wanaume wote, na mama hakumficha jambo hilo.

Kwa watu wa kanisa letu Jumapili ilianza Jumamosi. Vyombo vyote vilitolewa nje, vikasuguliwa kwa majivu mpaka uweze kuuona uso wako, kisha vikapangwa kwenye kichanja kwa kufuata ukubwa, mistari imenyooka, hakuna kifuniko kinachozidi kingine. Mama alisema turubai zetu zote zinafanana, kwa hiyo anayepita atakujua wewe ni nani kwa kutazama kichanja chako. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na nilikuwa hodari, nasema mwenyewe bila aibu. Akina mama wa kwaya walikuwa wakisimama njiani kutazama. Basi nielewe hapo, ndugu yangu unayesoma: nilikuwa mtoto asiyeweza kuvumilia kitu kilichofifia wala kitu kilichopangwa ovyo.

Nilipofika miaka kumi, bahati ya baba iligeuka. Bwana Asiimwe, Mnyankore mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa na karakana ya redio Mbarara, si mbali na Ruharo. Wafanyabiashara wa maziwa wa upande wa Endiinzi walikuwa wamemwomba awawekee mtambo mlimani ili madereva wao waweze kuitana wakiwa njiani, maana simu hazikushika kule. Mtambo alikuwa nao, antena alikuwa nayo, lakini filta yake ilikuwa kuukuu na hakuwa na mtu wa kuipima. Sijui ni nani aliyemwambia kwamba kuna Mkongomani Nakivale anayelima vibaya sana lakini anaijua kazi hiyo. Akamwita, na akamwahidi kwamba mtambo huo ukisema vizuri, atamwajiri moja kwa moja. Tungehamia Mbarara. Mama alianza kuzungumza na baba kwa adabu mpya.

Kwa kuwa ilikuwa likizo, na macho yangu yalihitaji kutazamwa hospitali, baba alinichukua. Siku mbili nilikaa kwenye kigoda ndani ya karakana ile, nikinusa risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na chai ya maziwa. Filta yenyewe ilikuwa makopo sita marefu ya bati zito, yamefungwa pamoja kwenye fremu, na juu ya kila kopo kulichomoza kijiti cha shaba chenye hesi, kimebanwa kwa nati. Baba alinieleza kwamba mtambo wa mlimani unasikia na kusema kwa wakati mmoja, kwa antena moja. "Hizi tatu ni kinywa," aliniambia akigusa makopo, "hizi tatu ni masikio. Miye kazi yangu ni kufanya kinywa isiue masikio."

Sikuelewa, ila nilipenda alivyosema. Kilichonivuta zaidi ni chombo cha kupimia, sanduku zito lenye kioo kidogo, na katika kioo mstari wa kijani uliopanda na kushuka kama mlima wa kwetu. Baba aligeuza kijiti robo ya robo, mstari ukasogea. Akashika kijiti kwa mkono mmoja kisitikisike, akakaza nati kwa spana kwa mkono mwingine, na mstari ukateleza tena kwa sababu ya kule kukaza tu. Akalegeza, akaanza upya. Kopo moja lilimmalizia asubuhi nzima. Alikuwa akizuia pumzi, na jasho lilimtoka puani. Sijawahi kumwona mwenye furaha kiasi kile. Siku ya pili jioni mstari ulitulia, Bwana Asiimwe akainama kuutazama, akampiga baba begani mara tatu.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mstari, si kwenye mikono yake. Niliamini kwamba kazi yote iko ndani ya kioo kile, na kioo kilibaki Mbarara.

Ijumaa tulirudi nyumbani na filta, imefungwa katika blanketi, kwa sababu gari la Bwana Asiimwe lingempitia baba Jumatatu likielekea mlimani. Aliiweka chini ya kitanda na kutuonya tusiiangushe. Hakusema neno jingine. Nadhani haikumjia akilini kwamba kuna neno jingine la kusema.

Jumamosi wazazi walienda shambani. Nilisugua vyombo vyote, nikavipanga, na majivu yakabaki. Nikaikumbuka filta. Nilipofungua blanketi niliona aibu kwa niaba ya baba. Makopo yalikuwa yamefifia, yamejaa alama za vidole vyake, na vile vijiti sita vilisimama ovyo, kimoja kirefu, kingine kifupi, kingine kimezama karibu chote. Nilisema moyoni, maskini baba, alikimbilia gari, hakupata nafasi ya kumaliza. Na Jumatatu wenye maziwa watakuja kuitazama kazi ya mkimbizi.

Nikaisugua. Majivu, ndimu, kitambaa, kopo baada ya kopo, mpaka bati likang'aa kuliko sufuria ya harusi. Kisha nikachukua spana yake, nikalegeza nati kama nilivyomwona akifanya, nikakata kibua cha muhindi kuwa kipimo, na nikavilinganisha vijiti vyote sita na kile kibua. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikafuta majivu, nikaifunga katika blanketi vilevile. Sikumwambia mtu. Nilitaka afungue mwenyewe mbele ya watu na kuona.

Jumatatu mchana gari lilirudi mapema mno. Nilikuwa kwenye kichanja. Baba na Bwana Asiimwe walishuka, wakasimama kando ya gari, filta ikiwa nyuma, wazi, inang'aa kwa jua. Walizungumza muda mrefu kwa sauti ya chini. Mara moja baba aligeuka akanitazama, kisha akaitazama tena ardhi. Maneno ya mwisho tu ndiyo yaliyonifikia, kwa sababu aliyapandisha kidogo: "Hapana, bwana. Ni miye njo nilisahau. Nilikaza, sikupima tena."

Gari likaondoka na filta. Baba akaja moja kwa moja nilipo. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama, majivu yakiwa bado kwenye kucha. Halafu akasema, "Ulisugua muzuri, mama. Ulisugua muzuri sana."

Nilifurahi. Nakwambia kweli, nilifurahi. Ameona, nilijisemea, ameipenda.

Mama alipewa habari hiyo jioni wakati wa kupepeta maharage. Walipanda mlimani, baba akawa nje anafunga waya wa antena, vijana wa Bwana Asiimwe wakaunganisha filta na kuwasha. Mtambo ulitoa moshi kabla hajafika mlangoni. Mwenye maziwa alikuwepo, na alikasirika. Bwana Asiimwe hangeweza kumwajiri fundi anayesahau. Mama aliuliza, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "Unasahauje kitu kama hiyo, Papa Faida?" Baba alisema hajui, amezeeka pengine. Alikuwa na miaka thelathini na nane.

Habari hazikai nyumba moja Nakivale. Wiki haikuisha kabla watoto wa mtaa wetu hawajampa jina: Papa Nilisahau. Akipita na jembe walijipiga paji la uso kama mtu aliyekumbuka kitu, wakacheka. Mwanzoni nilipigana nao. Baadaye nilichoka kupigana, na mtu akichoka kumtetea mwenzake huanza kumwonea aibu. Niliona aibu kwamba baba yangu alipewa nafasi moja ya kututoa pale, akaipoteza kwa uzembe. Akija shuleni kuniletea viazi, nilivipokea haraka na kurudi ndani. Hakurudia kushika redio ya mtu. Hata yetu ndogo ya betri ilipoharibika, aliitundika ukutani ikabaki hapo.

Mwaka niliopata nafasi ya sekondari ya bweni, alinisindikiza mpaka Kaberebere na sanduku langu la bati. Pikipiki ya kunipeleka mbele ilikuwa tayari, abiria na wapita njia wamejaa, na yeye akawa anafunga sanduku kwa kamba ya mpira, polepole, akijaribu kila fundo. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikasema, watu wakisikia, "Papa, kaza muzuri. Usisahau kama siku ile."

Mikono yake ilisimama. Kisha akaifungua kamba yote, akaifunga upya tangu mwanzo, na kila fundo akanionyesha. "Ona," alisema, "na hii, ona." Sanduku lilifika salama.

Nilipomaliza shule na kozi ya ufundi, yeye mwenyewe ndiye aliyenituma. Alisema niende kwa Bwana Asiimwe, niseme nimetumwa na Papa Faida, nisiseme lingine. Nilishangaa anathubutuje. Nilikwenda, na yule mzee, sasa mwenye mvi na miwani, alinitazama kidogo akasema nianze kesho. Msimu wa mvua uliofuata baba alishikwa na homa ya mapafu, na tulimzika Nakivale, kwenye ardhi ile ile aliyoilima vibaya.

Mwaka mzima nililehemu redio za mkononi na kubadilisha betri. Ndipo siku moja Bwana Asiimwe akaweka mezani filta ya makopo sita, akawasha chombo cha kupimia, cha kisasa, kioo chake kikubwa na cha rangi, akaniambia nijaribu. Niliigeuza nikaiona kwa juu. Vijiti sita, kimoja kirefu, kingine kifupi, kingine kimezama. Mkono wangu ulitaka kuvilinganisha, nasema kweli, kabla akili haijasema lolote. Akacheka.

"Wacha zikae hivyo, nyabo," alisema. "Kila moja iko na urefu yake. Ukiona zote zinalingana, jua kuna mtu alicheza nazo."

Niliweka spana chini. Nilimwuliza kama siku ile kule mlimani aliona. Hakuuliza siku gani. Alivua miwani, akaifuta.

"Niliona. Fundi yeyote angeona. Nilimwambia, mzee, kama ni mtoto, sema tu ni mtoto, tunarudi Mbarara tunapima tena, mwenye maziwa nitamwongelesha mimi. Nilimwuliza mara mbili. Alikataa. Akasema mtoto wake hakugusa kitu."

Nimejiuliza sana kwa nini aliukataa mlango uliokuwa umefunguliwa hivyo. Jibu ninalolipata ni moja. Angesema ndiyo, ningeitwa pale pale kutoka kwenye kichanja, niulizwe mbele ya mgeni, nionyeshwe bati lililong'aa na vijiti vilivyolingana, niambiwe vimeunguza mtambo na Mbarara yetu yote. Nadhani mimi mtoto yule nisingegusa tena kitu cha fundi maisha yangu. Leo napima filta, nashikilia kijiti kwa mkono mmoja na spana kwa mwingine, nazuia pumzi kama yeye, na mkono wangu hautetemeki. Haujawahi kutetemeka, kwa sababu nikiwa mtoto hakuna aliyeniambia nilichofanya.

Ningependa kumwambia kwamba sasa najua. Ningependa aone mstari unavyotulia. Lakini kinachonirudia kila Jumamosi, majivu ya jirani yanapoingia jikoni, ni maneno mawili tu. Siku ile, gari likiwa bado linatimua vumbi na kazi ya baba ndani yake, yeye alikuwa na nafasi ya kuchagua la kuniambia, akaniambia nilisugua vizuri. Na mimi, ilipofika zamu yangu ya kuchagua, pale Kaberebere, watu wakisikia, nilimwambia asisahau.